Picha za Arusha na Moshi ya zamani: mtaa gani, mwaka gani?

Kutoka: Mtunza albamu, Leicester

Wadau, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Albamu ya jumuiya imekwama. Picha zimeingia kwa wingi, ila nyuma zimeandikwa "mjini, karibu na soko" au "Boma Road" basi. Arusha ina Boma Road, Moshi nayo inayo. Mnara wa saa uko kote kuwili, Kaloleni iko kote kuwili, Majengo vilevile. Picha moja imeandikwa "Old Moshi" na watu watatu wameiweka miji miwili tofauti. Mwenye utaratibu wa kutambua mtaa na mwaka autoe hapa. Na tafadhali, msibandue picha kwenye albamu za gundi kwa kucha. Tatu zimeshachanika.

Kutoka: Mdau wa Toronto

Maandishi ya nyuma yasomwe mwisho. Aliyeandika huenda aliandika miaka ishirini baadaye, kwa majina ya siku aliyoshika kalamu. Anza na kibao cha duka, maana kibao kilikuwa na mwenyewe aliyelipia kila herufi.

Benki kwanza. Ukiona Barclays D.C.O. au National and Grindlays, hiyo ni kabla ya benki kutaifishwa Februari 1967, au muda mfupi baadaye kibao kikiwa hakijang'olewa. Barclays ilirudi nchini mwaka 2000 bila D.C.O., kwa hiyo tafuta herufi hizo tatu, jina peke yake halitoshi. NBC haisaidii sana: ilianza 1967 na ipo hadi leo. NMB si ya kabla ya 1997. Kibanda cha simu chenye TTCL si cha kabla ya 1994.

Maduka: STC, shirika la biashara la serikali, ni 1967 hadi 1973, lilipovunjwa na biashara ya jumla mikoani ikaenda kwa kampuni za mikoa, yaani RTC. Kibao cha RTC basi ni 1973 na kuendelea, na waliopanga foleni ya sukari hawahitaji maelezo zaidi.

Simu: namba yenye 057 ni Arusha na yenye 055 ni Moshi, zote za kabla ya kuja kwa 027 ya leo. Namba ya zamani ya tarakimu nne mara nyingi ilibebwa ikawa mkia wa namba mpya: Arusha iliwekewa 250 mbele, Moshi 275. Ukiwa na ankara ya zamani na kadi ya juzi, linganisha tarakimu nne za mwisho.

Ila uzi mrefu kuliko yote ni sanduku la posta. Duka huhama, hubadili jina, hubadili hata biashara, lakini S.L.P. haibadiliki, kwa sababu ufunguo uko mkononi na barua zinaendelea kuja. Kwenye jedwali la albamu weka safu ya S.L.P., kisha panga kwa safu hiyo. Mara nyingi duka la vitambaa na wakala wa bima ambao hakuna aliyewahi kuwahusisha wanaangukia mstari mmoja. Angalizo: sanduku lisilolipiwa hupewa mtu mwingine. Pengo la miaka kumi usiliunganishe bila ushahidi wa pili.

Majengo ya katikati ya mji yasomwe kuanzia juu. Kwenye ukingo wa paa la maduka ya Wahindi mara nyingi pana jina na mwaka kwa saruji. Huo ni mwaka wa jengo, picha inaweza kuwa ya miaka arobaini baadaye. Halafu kuna 1971: majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yalitaifishwa, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo anayetafuta jengo lililobomolewa India Street au Goliondoi asiishie kwa ukoo wenye jina paani. Wapangaji wa baadaye walikuwa wa Msajili, kisha wa Shirika. Ukienda kuuliza ofisini, nenda na namba ya kiwanja na kitalu. Jina la duka halitakufikisha popote, kwa sababu maduka matatu yamepita mlango uleule.

Mitaa: Uhuru Road ya Arusha ndiyo Sokoine Road ya leo. Sokoine alifariki 12 Aprili 1984, kwa hiyo karatasi yenye jina lake ni ya baada ya hapo. Usigeuze kanuni hiyo kichwa chini, lakini. Wenye maduka walimaliza kwanza karatasi walizochapisha. Ankara ya 1986 yenye Uhuru Road si ya kughushi, ni ya mtu asiyependa hasara.

Kutoka: Mdau wa Leipzig

Hiyo "Old Moshi" ina mitego miwili. Old Moshi ni huko juu mlimani, Kidia, ilikokuwa boma ya Wajerumani na ambako Mangi Meli alinyongwa Machi 1900. Mji wa sasa ulikua chini baada ya reli ya kutoka Tanga kufika 1911. Old Moshi Road, kwa upande mwingine, iko Arusha. Picha ikiwa na lami, nguzo za taa na maduka, neno "Road" lilisahaulika tu.

Mkitafuta kwenye hifadhi za Ujerumani, andikeni "Moschi", "Neu-Moschi" na "Aruscha". Kwa tahajia yetu mtapata matokeo machache mkadhani hakuna kitu. Picha za makoloni zilizowekwa mtandaoni ziko Chuo Kikuu cha Frankfurt. Za wamisionari wa Leipzig zimo kwenye hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California, na nyingi ni za Uchagani na Meru. Mafaili ya Wizara ya Makoloni yako Bundesarchiv, Berlin, fungu R 1001. Walio Uingereza: hifadhi ya taifa iliyoko Kew, fungu CO 691 ni barua za Tanganyika, na CO 1069 ni picha. Picha za ndege za upimaji wa enzi ya ukoloni ziko Edinburgh, kwenye hifadhi ya picha za angani, NCAP. Wao waombeni kwa koordineti, msiwape jina la mtaa.

Kutoka: Mdau wa Reading

Kukopi, kwa kifupi. Picha ya karatasi ya inchi 4 kwa 6: skani kwa dpi 600 (nukta kwa inchi), hifadhi kama TIFF, kisha toa JPEG ya kutumiana. Negativu na slaidi za milimita 35 zinataka dpi 2400 hadi 3200. Chini ya hapo kibao cha duka hakisomeki, na kibao ndicho tunachokitaka. Skani na mgongo wa picha, hata ukiwa na muhuri wa studio tu.

Iliyogandia kwenye gundi: pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake polepole, kutoka kona moja, kama unakata ugali. Ikigoma, acha, skani ukurasa mzima. Iliyoshikana na kioo cha fremu isibanduliwe kabisa, rangi itabaki kwenye kioo. Skani ukiwa umeilaza na kioo chake. Usilaminishe. Usiandike nyuma kwa kalamu ya wino, tumia penseli laini, 2B inatosha.

Slaidi huwekwa kinyume bila mtu kujua. Soma maandishi ya dukani, au tazama magari: yakiwa upande wa kulia wa barabara, igeuze.

Kutoka: Mdau wa Calgary

Naona kuna alama kwenye ramani yetu ambazo maduka yake yameangukia katikati ya nyumba za watu, mbali na barabara. Najua sababu. Ramani nyingi za zamani za Tanganyika zilichorwa kwa mfumo wa koordineti wa Arc 1960, na simu zetu zinatumia mfumo wa WGS 84. Tofauti ya mifumo hiyo kwetu ni karibu mita 300, hasa kaskazini na kusini. Duka la Sokoine Road linahamia mtaa mwingine kabisa.

Kwenye QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure, iambie ramani iliyoskaniwa kuwa ni Arc 1960, UTM kanda ya 37 Kusini, namba 21037, ndipo uigeuze iwe WGS 84. Kama ramani haina gridi, ifunge kwa nukta sita au zaidi zilizotawanyika hadi pembeni. Nukta nzuri: kona za kuta za Boma, stesheni ya reli, madaraja ya mto Themi na Naura. Usitumie kingo za barabara wala mizunguko ya magari, zimepanuliwa. Ramani iliyolala bapa, tumia polinomia ya daraja la kwanza, inayosogeza karatasi yote kwa pamoja. Iliyokunjwa na kuvimba, tumia thin plate spline, inayonyoosha kila sehemu kivyake, ila nukta moja mbaya itaivuta karatasi yote bila kukuonyesha kosa. Ramani iliyoandikwa inchi moja kwa futi 200 ni 1:2,400. Msiiingize kama 1:2,500, ingawa zinafanana.

Jengo lililobomolewa msiliweke OpenStreetMap, watalifuta na watakuwa na haki. Liwekeni OpenHistoricalMap, na mwaka wa kuanza na wa kuisha.

Kutoka: Aliyeko Ngarenaro

Niko hapa hapa mjini, tumeni nikapige picha za leo kutoka palepale. Nipeni kwanza mwelekeo wa kamera. Meru iko kaskazini ya Arusha na Kibo iko kaskazini ya Moshi, basi mlima ukiwa nyuma ya duka, mpigaji alitazama kaskazini. Mlima usipoonekana, tazameni kivuli cha saa sita mchana. Sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini ya Ikweta: kivuli kikiangukia kusini, ni kati ya katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kikiangukia kaskazini, ni miezi iliyobaki. Mjakaranda uliochanua ni Oktoba au Novemba. Theluji ya Kibo msiitegemee kwa mwaka wa picha, mvua ya usiku mmoja inaweza kuipaka upya.

Tena, msiulize watu jina la jengo, ulizeni jina la kituo cha daladala. Biashara hufa, konda huendelea kulitaja jina. Unga Limited ni kampuni ya unga iliyoachia mtaa jina lake. Philips ni kiwanda cha redio, Esso ni kituo cha mafuta. Hoteli ya Mount Meru wazee wengine bado wanaiita Novotel. Kwa vijana jina lililokufa ni Nakumatt: iliingia Moshi 2011, ikachukua duka la Shoprite la Arusha 2014, na haikumaliza muongo. Picha zake kusanyeni sasa, za simu ya mwaka 2015 zinapotea haraka kuliko za 1955 kwa sababu hakuna aliyezichapisha.

Kutoka: Mtunza albamu, Leicester

Asanteni. Nimeongeza safu nne kwenye jedwali: S.L.P., tarakimu nne za simu, kiwanja na kitalu, mwelekeo wa kamera.

Ile picha namba 31 iliyoandikwa "Moshi, 1969": kibao ni RTC, bango la pembeni lina "Uhuru Rd" na 057. Meru iko nyuma kushoto, kivuli kimeangukia kusini. Nimeihamishia Arusha, 1973 hadi takribani 1984, kati ya Machi na Oktoba. Ukingoni mwa paa pana tarakimu mbili, 3 na 8, zilizobaki zimefunikwa na waya. Mwenye nakala iliyo wazi zaidi ya jengo hilo aiskani upya kwa dpi 1200, paa tu.