Gemu yangu ya mbio za mashua: kila mtu anasema "safi", hakuna anayecheza

tanga_moja (Lamu): Salamaleko wadau. Mwaka mzima sasa natengeneza kigemu cha simu, usiku baada ya kazi, natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, maana ni ya bure na laptop yangu ni ya kubembeleza. Ni mbio za mashua, unatoka gati la Lamu mpaka Shela, unazunguka boya unarudi. Kuandika kodi (code) si shida, shida ni watu. Nikiwapa wenzangu barazani wanasema "safi sana, tamu" halafu simu wanairudisha baada ya dakika mbili, jana binamu yangu kaisifu vizuuuri na hata raundi moja hajamaliza. Ukweli nitaupata kwa nani? Halafu nataka kuiweka Play Store, dola 25 za akaunti nishalipa, lakini akaunti mpya ya mtu binafsi lazima watesti 12, yaani watu wa kuijaribu, wakae nayo siku 14 mfululizo, nawatoa wapi wasioifuta siku ya tatu?

mvuvi_wa_kodi (Malindi): Kaka hizo dakika mbili ndio jibu lenyewe. Usiulize "umeipenda?", mtu mmekunywa kahawa pamoja atakwambia nini? Mimi nampa mtu simu, nawasha kurekodi skrini, nafunga mdomo. Inauma wallahi, kidole kinakuwasha umwambie "bonyeza pale", usimwambie. Akikwama we andika kakwama wapi. Na watesti usitafute 12, tafuta hata 20, wengine watatoka tu njiani.

nahodha_mstaafu: Mwanangu, nimeicheza kwa simu ya mjukuu. Mashua yako yaenda usoni mwa upepo kama ina injini! Wakati wa kusi ukienda Shela upepo unakuja mbele, lazima ubishe, yaani uende mshazari huku na huku, na kila ukigeuza tanga lihamie upande wa pili wa mlingoti, hapo ndipo watu wanapopitana. Mabaharia nao umewakalisha kama abiria, wengine watoke nje wakae kwenye ubao upande wa upepo, ama mashua italala. Na maji je? Yakipwa yanakuvuta nje baharini, yakijaa yanakurudisha mjini. Kwako bahari imetulia kama sinia.

tanga_moja: Mzee umenimaliza 😂 Upepo niliutoa mwenyewe nikidhani utawachosha watu. Kumbe nimewaachia kushika kidole kwenye skrini tu mpaka Shela, hata mimi ningerudisha simu.

dada_pixel: Mi nimecheza nikaacha kwa sababu nyingine, simu yangu ya ram 2 iliwaka moto ukaweza kupikia chai. Kwa Godot badilisha renderer, ile inayochora picha, weka Compatibility, inafaa simu za zamani, na picha za maji zipunguze, nani ataona kila wimbi kwenye skrini ya kiganja. Pia apk, faili la gemu, ni kubwa mno, mtu wa bando la siku hatodaunlodi. Nitumie mpya nikae nayo hizo siku 14, na wewe unitestie yangu ya bao.

tanga_moja: Poa dada, tumekubaliana. Mzee, naweza kuja unioneshe huko kubisha vizuri? Nirekodi na video.

nahodha_mstaafu: Njoo baada ya alasiri, simu iwe na chaji. Na hilo tanga la zambarau la kwenye gemu yako uje unieleze umeliona wapi.