Rais gani wa Marekani anastahili zaidi mnara wa taifa?

Mkazi wa Ujiji: Ndugu zangu, Mlima Rushmore una sura za Washington, Jefferson, Theodore Roosevelt na Lincoln, zilizochongwa kati ya mwaka 1927 na 1941. Nani hasa anastahili heshima hiyo?

Mwalimu, Tabora: Ni Lincoln. Sisi tunaoishi kwenye njia ya misafara iliyopitisha watumwa kutoka Ujiji hadi Bagamoyo tunaujua uzito wa tangazo lake la mwaka 1863 la kuwaachia huru watumwa, ingawa liliyahusu majimbo yaliyoasi pekee, na utumwa ukaja kupigwa marufuku nchini kote kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1865. Jefferson aliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, huku akimiliki mamia ya watumwa, hilo linaniuma.

Mkazi wa Kasulu: Nakubali, Mwalimu, lakini Rais Grant naye asisahauliwe, kwani alipambana na Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi.