Nimeuziwa Caudron G.3 kopi kwa bei ya orijino, muuzaji kanibloku

Wakuu heshima kwenu. Niko Tanga, Ngamiani, nimekaa kimya wiki tatu nikijua tutamalizana kiungwana ila jana jioni kanibloku kwa hiyo naandika.

Mimi naunganisha ndege za modeli, sio jeti, ni zile baiplani (ndege za mabawa mawili, moja juu ya jingine) za mwanzo mwanzo za vita ya kwanza ya dunia zenye maumbo ya ajabu. Caudron G.3 nimeitafuta zaidi ya mwaka. Injini iko mbele kama kawaida lakini nyuma ya rubani hakuna mwili, kuna vijiti vitupu vinaenda kushika mkia, na vile vya chini ndo hivyo hivyo vinaburuza ardhini ikitua. Na hii ndege ilifika kwetu jamani! 1915 Waingereza walikuwa nazo kisiwani Mafia pamoja na ndege nyingine aina ya Henri Farman, ndo kipindi wanaiwinda meli ya Mjerumani, Königsberg, iliyojificha huko kwenye mikoko ya Rufiji, meli zao Severn na Mersey zinapiga bila kuiona, ndege iko juu inawaambia kombora limedondokea wapi. Julai 11 Königsberg ikaisha, na siku hiyo hiyo Farman iliyokuwa inaelekeza ikapigwa ikashukia mtoni, rubani Cull na mwenzake Arnold wakatoka wazima. Nilitaka niziweke mbili pamoja, Farman ninayo tayari.

Sasa huyu jamaa wa Dar anauza modeli mtandaoni, kaweka picha ya boksi, skeli 1/48 (modeli ni ndogo mara 48 kuliko ndege yenyewe), nikamuuliza mara mbili kwa maandishi hii ni orijino? Akajibu orijino boss, haijafunguliwa. Laki mbili na kumi nikamtumia kwa simu, na elfu nane ya parseli, nikaenda kuipokea Kange.

Kufungua tu nikajua. Boksi ni picha ya fotokopi imebandikwa juu ya boksi jingine, ukiligusa wino unabaki kwenye vidole. Ndani ni resini (plastiki ya kumwaga kwenye moldi ikagandia humo), na ubaya wake sio kwamba ni resini, zipo seti nzuri sana za resini, hii ni ya mtu aliyechukua seti ya mwenzie akaitengenezea moldi ya mpira akamwaga zake. Ushahidi ninao. Ndege yenyewe ni mita 13.4 bawa la juu, gawanya kwa 48 unapata karibu sm 28, langu nimelipima kwa rula ya chuma ni 27.2, maana resini ikikauka inasinyaa na kopi daima inatoka ndogo. Mapovu ya hewa kila sehemu. Injini ni Le Rhône ya silinda 9, nimehesabu zilizotoka kamili ni 7, mbili ni vidonge tu. Stika zimekuwa njano, nimeloweka moja kwenye maji ikapasuka vipande.

Ila kinachoniuma ni bawa. Bawa la juu limepinda, ncha ya kulia imeshuka milimita 4 hivi. Kwenye ndege ya bawa moja ungeishi nalo, kwenye baiplani huwezi, kwa sababu kati ya bawa la juu na la chini kuna nguzo na zote zina urefu wake, ukilazimisha upande mmoja ukae upande wa pili nguzo zinaning'inia hazigusi, halafu ukija kuvuta zile nyuzi za waya kila uzi unaokaza unalegeza mwingine. Kazi ya mwezi mzima inakufa hapo.

Nimempigia akaniambia "boss hiyo si toi tu, weka gundi itakaa." Toi! Laki mbili na kumi ni pesa ya kutengeneza simu za watu mchana kutwa siku nyingi tu. Nikamwambia sitaki ugomvi, nirudishie hela nikurudishie mzigo, nauli ya parseli nitalipa mimi. Akasoma. Kimya. Kesho yake nikamtumia picha za bawa na rula pembeni, jana kanibloku, na tangazo lake bado liko hewani na picha ile ile na neno orijino.

Jina siliweki hapa. Ninachotaka ni hela yangu, na kama upo unasoma unajijua. Na wengine mnaoagiza hizi baiplani ombeni picha ya bawa limelazwa juu ya kioo kabla hamjatuma hata mia, likipinda utaona mwanga unapita chini.

Halafu kama kuna mtu hapa Tanga au hata Muheza anajua kunyoosha resini ikabaki imenyooka aniambie, maji ya moto nimeshajaribu, jioni lilikaa sawa kabisa juu ya kioo, asubuhi nimelikuta limerudi pale pale.