Eti mtoto ataamua mwenyewe kabila lake akikua?

Mleta mada
Wazazi wengi siku hizi husema, "Sisi nyumbani hatuzungumzii kabila, mtoto ataamua mwenyewe akikua." Mimi napinga, na nawaita tubishane. Hakuna nyumba isiyofundisha kabila. Zipo zinazofundisha kwa kinywa, na zipo zinazofundisha kwa kununa.

Mtoto wa miaka minne hajui neno hilo lina maana gani, lakini anajua kwamba mama akipokea simu ya bibi hubadili lugha, na kicheko chake pia hubadilika. Miaka inapita, dada mkubwa anamtaja mchumba wake. Kabla ya kuulizwa tabia wala kazi, sauti inatoka sebuleni: "Ni mtu wa wapi huyo?" Somo limekwisha, na mwalimu mwenyewe hajui kama amefundisha.

Kuhusu hilo la "ataamua": mwanasaikolojia Jean Phinney aliwahoji vijana wa sekondari nchini Marekani, matokeo yakatoka 1989. Katika wale wa jamii za wachache, takriban nusu hawakuwa wamewahi kulichunguza suala la asili yao. Robo hivi walikuwa bado wanatafuta, na robo nyingine walikwisha kutafuta na kutulia. Kwa hiyo umri peke yake hauamui kitu.

Mchangiaji wa 1
Unachanganya kabila na ukabila, mkuu. Wazazi wangu ni wa makabila mawili. Walikubaliana tuongee lugha ya taifa tu, asionewe mtu. Nia njema kabisa. Matokeo yake, kwenye shughuli za upande wa baba nacheka wakicheka wenzangu, nusu dakika baadaye, bila kujua kilichochekesha. Kwa mama vilevile. Hawakunifundisha kumchukia yeyote, hilo nawashukuru. Ila nimekuwa mgeni kwetu mara mbili.

Mchangiaji wa 2
Mwacha mila ni mtumwa. Mnazunguka nini?

Mleta mada
Methali hiyo haikutaja mila ipi, ndugu yangu. Kumfundisha mtoto lugha na historia ya watu wake ni kitu kimoja. Kumwambia "wale usiwaamini" ni kingine kabisa. Diane Hughes na wenzake, walipopitia tafiti za malezi ya namna hii mwaka 2006, waliyatenga mambo hayo mawili, wakaongeza la tatu, kumwandaa mtoto kukabili ubaguzi, na la nne, kumfundisha kwamba watu wote ni sawa. Ugumu ni kwamba mzazi mmoja anaweza kuyafanya yote manne kwa siku moja, tena mezani hapo hapo.

Mchangiaji wa 3
Mnamlaumu mzazi kana kwamba mtoto anaishi kwenye chupa. Kwetu tulizaliwa watatu, wazazi walewale, lugha ileile ya nyumbani. Mkubwa anaiongea hadi mafumbo. Wa kati anaelewa lakini hujibu kwa lugha ya shule. Mimi kitinda mimba naambulia salamu. Sababu? Mkubwa alipoanza shule alirudi na lugha mpya, akaanza kunichezesha kwayo. Wazazi hawakubadilika hata kidogo. Kaka ndiye aliyeleta shule ndani ya nyumba.

Mleta mada
Hapo umenikamata. Kaka mkubwa nilimsahau kabisa. Lakini bado ni familia hiyo!

Mchangiaji wa 1, nina swali. Wazee wako wangechagua lugha moja kati ya zile mbili, usingelalamika leo kwamba upande mmoja ulipunjwa?

Mchangiaji wa 1
Ningelalamika, ndiyo. Lakini ningelalamika kwa lugha ambayo bibi angeielewa.