Naomba ushauri: tutakusanyaje michango ya safari ya baiskeli Mwanza–Geita kwa ajili ya watoto wenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli za damu)?

Mwendesha Baiskeli wa Nyakato

Ndugu zangu, nawasalimu. Sisi ni kikundi cha waendesha baiskeli wa hapa Mwanza, na tumekubaliana kwamba tarehe 19 Juni, ambayo ni Siku ya Selimundu Duniani, tutaendesha kutoka Nyamagana hadi Geita kupitia Usagara, Daraja la Kigongo–Busisi na Sengerema, safari inayozidi kilomita 100. Daraja lenyewe lilizinduliwa tarehe hiyohiyo mwaka 2025, hivyo tuliona watu wataikumbuka kwa urahisi. Lengo ni kuchangia matibabu ya watoto wenye selimundu wanaotibiwa Hospitali ya Bugando, hasa wale ambao wazazi wao hushindwa kumudu dawa ya haidroksiyurea, ambayo mtoto huitumia kwa miaka mingi bila kukatiza.

Barabara haitutishi; kinachotutisha ni kuomba. Katika mwezi mmoja mtu anaweza kuletewa kadi ya harusi, ya sendofu, mchango wa msiba na wa ujenzi wa kanisa, na baadhi ya tuliowadokeza wametuuliza kwa nini wawachangie watu wazima wanaokwenda kutalii kwa baiskeli. Mwenzetu mmoja anapendekeza ahadi kwa kilomita, yaani mtu aahidi shilingi 500 au 1,000 kwa kila kilomita tutakayomaliza, na mwingine anataka kadi zenye kiwango maalumu. Naomba mawazo ya waliowahi kusimamia changizo, na wale ambao huwa hawachangii watuambie kinachowazuia.

Mhasibu Mstaafu

Kaka, huyo aliyewauliza habari za utalii amewasaidia, kwa kuwa ametamka jambo ambalo wengine watalifikiria na kunyamaza. Tenganisheni mifuko tangu siku ya kwanza. Maji, chakula, fulana, mafuta ya gari la kusindikiza na malazi ya Geita yalipwe na waendeshaji wenyewe, au na mfadhili anayejua kabisa kwamba analipia hayo, ili kila shilingi ya mchangiaji wa kawaida iende hospitalini. Sentensi hiyo moja ikiandikwa juu kabisa ya tangazo lenu, na mkawa tayari kuithibitisha kwa karatasi, nusu ya maswali yatakwisha.

Pili, msitumie namba ya simu ya mtu binafsi hata kama ni mwaminifu kiasi gani. Kisajilini kikundi kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, mfungue akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, kisha mwombe lipa namba (namba ya kupokelea malipo kwa simu) ya jina la kikundi, kwa sababu jina hilo humtokea mtumaji kabla hajaweka namba ya siri, na hapo ndipo mtu mwenye mashaka huamua kuendelea au kuacha. Makato yaandikwe kwenye hesabu kama yalivyo. Nimeona kamati zikiyaficha kwa aibu, na hesabu inapopungua elfu chache tu watu huanza kunong'ona.

Dada wa Kitangiri

Mimi ni miongoni mwa wale wasiochangia, kwa hiyo niseme ukweli. Ahadi kwa kilomita inapendeza kuisikia, lakini sisi tunajua ahadi zinavyokwenda: mtu anajaza kadi kwa moyo mkunjufu, harusi inapita, na mweka hazina anabaki kupiga simu zisizopokelewa. Halafu mwendeshaji akipata pancha Sengerema akapanda gari, mwenye ahadi ataanza kudai apunguziwe. Pokeeni fedha kabla ya safari, kiasi chochote, na idadi ya kilomita ibaki kuwa hadithi ya kuwavutia watu.

Kinachonikatisha tamaa zaidi ni kuombwa bila kujua fedha inanunua nini. Nikiambiwa kwamba kiasi fulani ni dawa ya mtoto mmoja kwa mwezi mmoja, naweza kutoa mwezi mmoja au miwili na nikalala vizuri. Nikiambiwa "changia chochote", sitoi chochote.

Muuguzi wa Zamani

Namuunga mkono dada, ila bei hiyo msiikisie, ipateni kliniki. Tena msinunue dawa wenyewe. Haidroksiyurea hupangwa kulingana na uzito wa mtoto, na kwa kuwa inaweza kushusha chembe za damu, mtoto hupimwa damu mara kwa mara, hivyo mzazi asiyeweza kulipia dawa mara nyingi hukwama kwenye vipimo pia. Zungumzeni na uongozi wa hospitali, watoe ankara, ninyi mlipe moja kwa moja na kuwatumia wachangiaji nakala ya stakabadhi. Picha za watoto waliolazwa msizitumie kwenye matangazo. Picha za baiskeli zenu zinatosha.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Baadhi ya watoto hawa huhitaji kuongezewa damu, na Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda hapahapa Mwanza. Asiye na fedha mwambieni akachangie damu, naye mumhesabu kuwa mchangiaji kamili.

Mzee wa Mwaloni

Wanangu, msiishie maofisini. Njooni soko la samaki la Mwaloni Kirumba, lakini njooni kwa wakati wake. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wengi hupumzika na fedha hupungua mikononi mwa kila mtu, kuanzia mwenye mtumbwi hadi mama anayeanika. Kipindi cha giza mambo hubadilika. Piteni kwanza kwa uongozi wa soko, msubiri shughuli za asubuhi zipungue, na risala iwe fupi sana, kwa kuwa mtu mwenye magunia yanayosubiri gari hana subira.

Mwendesha Baiskeli wa Nyakato

Nawashukuru nyote. Suala la ahadi tumelifuta, na mifuko itakuwa miwili. Je, makampuni tuyaendeeje, na vibali tuanzie wapi?

Mtumishi wa Halmashauri

Tazameni mfano wa jirani zenu: Mgodi wa Dhahabu wa Geita, pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, umekuwa ukiendesha tangu mwaka 2002 changizo la kupanda Mlima Kilimanjaro na kuuzunguka kwa baiskeli. Makampuni huchangia anayeonyesha mpango ulioandikwa, na huhitaji muda, hivyo barua iliyofika wiki mbili kabla ya tukio huishia kwenye faili. Ombeni pia vitu, kama maji na gari la wagonjwa, kwa kuwa kampuni huvitoa kwa wepesi kuliko fedha taslimu, navyo huingia kwenye ule mfuko wa safari.

Kibali kianzie kwa mkuu wa wilaya, kisha polisi wa usalama barabarani wa mikoa yote miwili. Kwa daraja waandikieni Tanroads, wakala wa barabara, mapema, mkitaja idadi ya baiskeli na saa mnayotarajia kufika Kigongo.

Mwendesha Baiskeli wa Nyakato

Tumepokea. Barua ya hospitali inatangulia, kwa kuwa bila bei ya kliniki tangazo haliwezi kuandikwa. Mzee wetu wa Mwaloni, tunaomba utufikishe kwa viongozi wa soko.

Mzee wa Mwaloni

Njooni wawili tu, na barua yenye muhuri. Msije na fulana zenu za kubana.