Dizeli 1.5: DPF inajaa kila wiki tatu na oili inapanda kwenye stiki. Nianzie wapi?

Kilomita Elfu

Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua hizi dizeli ndogo za kisasa. Gari ni la milango mitano, injini 1.5 ya komoni reli, lina DPF (kichujio cha masizi kwenye ekzosi), limetembea kilomita 142,000.

Taa ya DPF inawaka, fundi anachoma masizi kwa mashine gari likiwa limesimama, taa inazima. Wiki tatu baadaye imerudi. Imeshachomwa hivyo mara mbili. Mara nyingi nikizima gari feni inaendelea kuzunguka na harufu kali inatoka chini. Ulaji wa mafuta umepanda. Kinachonitisha zaidi ni oili: iliwekwa mpya kilomita 3,000 zilizopita, na leo stiki inaonyesha imevuka alama ya juu kwa karibu nusu ya nafasi iliyopo kati ya alama ya chini na ya juu. Nilizoea gari linalokula oili, hili linaongeza!

Safari zangu ni kilomita 6 kwenda na 6 kurudi kwenye foleni. Jumamosi nalipeleka barabara kuu dakika 40 ili lijichome, kama wengi wanavyoshauri humu. Gereji wamenipa njia mbili: DPF mpya, au waitoboe ya zamani na kuifuta kwenye kompyuta. Kifaa kidogo cha kusomea kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari ninacho.

Spana 13

Mkuu, kabla ya DPF, hilo la oili ndilo la leo. Hiyo haikuzaana, ni dizeli imeingia.

Masizi yanaungua kwenye karibu nyuzi 600 za Selsiasi, na moshi wa dizeli kwenye mwendo wa kawaida haufiki hapo. Kwa hiyo kompyuta inapulizia mafuta ya ziada kwa kuchelewa, pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, ili yakaungulie kwenye ekzosi. Sehemu yake inanasa kwenye kuta za silinda, ringi zinayakwangua, yanashuka kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Uchomaji ukikamilika, kinachoshuka ni kidogo. Ukikatwa njiani na kuanza upya kila siku, unapata hicho unachokiona. Kwenye injini nyingi, nafasi kati ya alama mbili za stiki ni kama lita moja, basi hapo una nusu lita ya dizeli, pengine zaidi, maana oili yenyewe nayo imepungua kidogo.

Oili nyepesi hivyo hailindi beringi za turbo wala za krenki. Ikizidi kupanda, inaweza kuvutwa kupitia bomba la kupumulia injini, ikaingia kwenye hewa, na injini ikaanza kujilisha oili. Hapo ukizima ufunguo haizimi, inapanda resi yenyewe mpaka ivunjike. Mwaga sasa, badilisha na filta, na ukubali kwamba utamwaga tena tatizo likishatibiwa.

Oili iwe ya kundi la ACEA C (kiwango cha Ulaya cha oili yenye majivu machache), C2 au C3 kadiri kitabu cha gari kinavyosema. Sikiliza hapa: oili ya kawaida ya dizeli ina viungo vingi vya madini, vikiungua vinaacha majivu. Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Yanabaki ndani ya DPF hadi iondolewe.

Nozeli Tatu

Nakubaliana na Spana. Ila usinunue wala kutoboa chochote bado. DPF kujaa ni matokeo, kuna kitu kinazalisha masizi kupita kiasi au kinazuia uchomaji usikamilike. Fundi anayechoma kwa mashine bila kutafuta hicho kitu anadeki sakafu huku bomba linavuja.

Soma haya utuletee. Joto la maji baada ya dakika 20 za mwendo, kwenye foleni na kwenye barabara kuu, vyote viwili. Tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma ya DPF ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa. Marekebisho ambayo kompyuta inaifanyia kila nozeli (kipulizia mafuta) gari likiwa kwenye sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Na kodi zote, hata zile zinazoonekana hazihusiani. Plagi ya joto iliyokufa au EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyokwama inatosha kuifanya kompyuta ya magari mengi ikatae kabisa kuchoma, na hakuna anayekwambia sababu.

Angalia pia tangi. Mengi yanakataa kuanza kuchoma mafuta yakiwa karibu na taa ya akiba.

Kilomita Elfu

Asanteni. Oili nimeshamwaga. Vipimo:

Maji: kwenye foleni 84 hadi 87. Barabara kuu yanashuka mpaka 66–69 na kubaki hapo.
Presha injini ikiwa imezimwa: 0.
Nozeli: namba 1 +0.3, namba 2 −0.2, namba 3 −2.6, namba 4 +0.5.
Kodi: ya DPF kujaa tu.

Nozeli Tatu

Hiyo 69 ndiyo habari yako. Thamostati, ule mlango unaoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, imekwama wazi. Kwenye foleni hewa haipiti sana kwenye rejeta, maji yanapata moto. Ukishika mwendo, upepo unapoza rejeta na thamostati haifungi, injini inapoa. Mifumo mingi inataka maji yapite nyuzi 70 na kitu ili uchomaji uanze na uendelee. Kwa hiyo unapolipeleka Jumamosi kulichoma, ndipo linapoacha kuchoma. Jumatatu kwenye foleni maji yanapanda, linaanza, unafika kazini unazima. Ndiyo maana ya feni na harufu. Juu ya hapo, injini inayojiona bado ya baridi inapuliziwa mafuta tofauti, na masizi yanaongezeka.

Presha 0 ni nzuri, sensa haidanganyi. Kagua tu vile vibomba viwili vya mpira vinavyoingia kwake, vinapasuka kwenye kona kwa joto.

Namba 3 ni ya kufuatilia. Alama ya kutoa maana yake kompyuta inaipunguzia mafuta kwa sababu inatoa kupita wenzake. Mipaka inatofautiana kwa watengenezaji, lakini moja inapojitenga hivi na zile tatu nyingine, ipelekwe kwenye benchi. Na usiridhike na kipimo cha vichupa vya marejeo pekee: hicho kinaonyesha nozeli inayorudisha mafuta mengi, hakikamati inayodondosha kwenye ncha.

Ikitolewa: washa ya shaba mpya, ile ya zamani isirudishwe hata kama inang'aa. Kitako kisafishwe mpaka chuma kionekane, maana kaboni kidogo tu chini ya washa inavujisha mgandamizo, na baada ya muda nozeli inazungukwa na lami nyeusi ngumu. Bolti yake mara nyingi ni ya kutumika mara moja. Ikiwekwa mpya, namba iliyoandikwa kichwani iingizwe kwenye kompyuta, na bomba la presha kubwa libadilishwe kama mtengenezaji anataka hivyo. Usilegeze bomba lolote injini ikiwa inazunguka, hata kama uliona hivyo kwenye lori la zamani. Mle ndani presha inaweza kupita bar 1,000, dizeli inatoboa ngozi.

Mwendo Pole

Hizi dizeli ndogo ni za nini kwa mtu wa kilomita 6? Uza, chukua petroli, ulale.

Spana 13

Kwa kilomita 6 una hoja. Ila petroli ndogo za siku hizi nazo si usingizi. Zipo zenye mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili: ukiweka oili isiyo yake, mkanda unachakaa, vipande vinaziba chujio la pampu ya oili na presha inaanguka. Nyingine zinapulizia petroli moja kwa moja kwenye silinda, hivyo valvu za kuingiza hazioshwi na mafuta, zinaota kaboni. Na zote, dizeli kwa petroli, ukitaka kubadilisha balbu unaanza kwa kutoa bampa.

Mashine Kavu

Kuhusu kutoboa: usikubali. Nchi nyingi ni kosa na gari linaanguka ukaguzi. Moshi wa dizeli uliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2012, na wanaokaa nyuma yako kwenye foleni ni watu. Kiufundi pia haitibu kitu: nozeli namba 3 itaendelea kumwaga na maji yatabaki 69.

Baada ya matengenezo, choma mara moja zaidi ukiwa barabarani: maji zaidi ya 80, tangi zaidi ya robo, gia inayoweka injini kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, dakika 20 bila kusimama. Ukilazimika kuchoma kwa mashine, gari lisikae juu ya nyasi kavu, na kama masizi yamevuka kiwango ambacho mtengenezaji ameruhusu, usichome kabisa. Yakishika moto yote kwa pamoja, keramiki ya ndani ya DPF inapasuka au kuyeyuka.

Ikishindikana, DPF ishushwe ioshwe. Ipimwe uzito kabla na baada ikiwa kavu, hapo utajua wametoa nini. Maji yaelekezwe kinyume na njia ya moshi, kwa presha ndogo. Anayetaja tindikali au petroli, ondoka naye. Uliza pia kama gari lako lina tangi la kiongezeo cha DPF, kama mfumo ambao Peugeot walianza nao kwenye 607 mwaka 2000. Kiongezeo kikiisha, masizi yanahitaji joto kubwa zaidi ili yaungue.

Kilomita Elfu

Naanza na thamostati kesho. Kuna mtego wowote?

Spana 13

Injini iwe baridi kabisa. Soma joto lililochapwa kwenye thamostati ya zamani, mpya iwe hiyohiyo. Nyingi ni 83 au 88. Mara nyingi inakuja pamoja na nyumba yake ya plastiki, bolti zibane kwa torki ndogo iliyoandikwa, plastiki haisamehe. Kulanti (maji ya kupoza injini) iwe ya aina iliyomo, usichanganye rangi kwa kubahatisha. Jaza polepole, skrubu za kutolea hewa zikiwa wazi mpaka yatoke maji bila mapovu, heater ikiwa kwenye moto wa juu. Kisha barabara kuu na kile kifaa chako. Ukiona 80 na zaidi kwenye mwendo ule ule, rudi tuendelee na nozeli namba 3.