Tupeane uzoefu: Kwizi za haiba na majibu tunayoyachagua mbele za watu

Mleta mada

Salaam, wadau. Katika makundi ya WhatsApp hapa Dar es Salaam zimerudi tena zile kwizi za haiba zinazomuuliza mtu kama anapenda chai au kahawa, bahari au milima, kuamka alfajiri au kukesha, kisha mwishoni zinamtangazia kwamba yeye ni mpole lakini hapendi kuchezewa. Mimi ni mpenzi wa michezo hii wala sioni haya kusema hivyo. Hata hivyo, kadiri ninavyosoma majibu ya ndugu na marafiki ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wengi wetu hatutaji tunachokipenda, bali tunachotaka tuonekane tunakipenda, na kwamba utamu wa mchezo uko hapohapo.

Jambo lenyewe si la leo. Huko Uingereza katika karne ya 19 watu walikuwa na madaftari maalumu ambamo rafiki aliandika rangi aipendayo, chakula akipendacho na kasoro asiyoivumilia kwa wenzake. Karl Marx alijibu maswali ya namna hiyo mwaka 1865 katika mchezo wa binti zake, akataja rangi nyekundu na kitoweo cha samaki. Samaki namwamini bila shaka yoyote. Kuhusu nyekundu najiuliza kama ni macho yake yaliyoipenda au ni msimamo wake. Mwandishi Mfaransa Marcel Proust naye alijaza daftari la rafiki yake akiwa kijana, na hadi leo maswali hayo yanaitwa kwa jina lake ingawa si yeye aliyeyatunga.

Naomba kila mmoja atueleze: ni swali gani lilikufanya ufikirie kwanza nani atalisoma jibu lako?

Mdau wa Sinza

Kwangu ni swali la rangi. Ofisini kwetu tuliletewa kwizi ya kufahamiana kabla ya semina, na swali la kwanza likawa, "Unapenda rangi gani?" Aliyeitunga hakuwa amewahi kuishi mji huu wakati wa mechi ya watani. Ukiandika nyekundu, umeshakuwa Simba. Ukiandika njano au kijani, umeshakuwa Yanga, na hakuna atakayesikiliza maelezo yako kwamba unapenda tu majani ya mgomba. Mhasibu wetu, ambaye kila mtu anamfahamu kwa mashati yake mekundu ya siku za Jumamosi, aliandika "kijivu" kwa sababu mkurugenzi ni Yanga wa kutupwa. Karatasi ya majibu ikamweleza kwamba yeye ni mtu makini, mwenye kupima mambo kabla ya kuyatamka. Nadhani kwa hilo ilimpatia kabisa.

Mwalimu, Temeke

Ndugu wa Sinza amegusa jambo ambalo limewahi kupimwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwafanyisha wanafunzi wake 39 jaribio la haiba, kisha akamkabidhi kila mmoja tathmini aliyoambiwa kuwa ni yake peke yake. Kumbe wote walipewa maneno yaleyale, ambayo Forer aliyatoa katika kitabu cha unajimu. Walipoombwa kuipa tathmini hiyo alama kuanzia 0 hadi 5 kwa jinsi inavyowaeleza, wastani ulifika 4.26.

Niliurudia mchezo huo katika chumba cha walimu wakati wa mapumziko ya chai, kwa bahasha na maneno ya Kiswahili niliyoyatunga mwenyewe: "Una uwezo mkubwa ambao wanaokuzunguka hawajautambua. Unasaidia watu kuliko unavyosaidiwa." Mwalimu wa hisabati aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni bila kusema neno. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye ni mama mtu mzima na hana subira ya siri, alianza kuisoma yake kwa sauti ili tushuhudie alivyoelezwa vizuri. Hakumaliza sentensi ya pili kabla mwenzake wa upande wa dirisha hajasimama na kusema, "Samahani dada, hiyo bahasha ni yangu, mmebadilishana." Sifa ya kutotambuliwa, waheshimiwa, kila mfanyakazi anaipokea kwa mikono miwili.

Mama wa Tabata

Mimi nawaletea ya kitchen party, kwa kuwa siku hizi ni nadra kuhudhuria sherehe ya mji huu ukakosa kipindi cha "Je, unamjua mwenzako?" Katika ile ninayoikumbuka, bwana harusi aliitwa kwa dakika chache, wakakaa yeye na bibi harusi wakipeana mgongo. MC akauliza bwana harusi anapenda chai gani. Binti akajibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni chai ya maziwa. Bwana harusi naye akasema maziwa. Tukapiga vigelegele.

Kutoka meza ya mbele mama mzazi wa kijana akacheka hadi akashika meza. Akasema mwanawe tangu mdogo hanywi maziwa, chai yake ni ya rangi yenye tangawizi ya kukereketa koo, ila siku ya kwanza alipokwenda kujitambulisha ukweni aliandaliwa ya maziwa, akaona aibu kuikataa, na tangu hapo amekuwa akiinywa hivyo kila aendapo. Binti alimgeukia mchumba wake akamwuliza mbele yetu sote, "Na mihogo ya nazi, je?" Kijana akaapa kwamba mihogo anaipenda kwa dhati. Shangazi mmoja akasema hilo litathibitishwa kwa sahani, siyo kwa kiapo.

Fundi kompyuta, Kariakoo

Nafupisha. Chezeni, lakini angalieni ni nani anayeuliza. Kwizi moja ya haiba iliyowekwa ndani ya Facebook ilikusanya taarifa za waliojibu pamoja na za marafiki zao ambao hawakujibu chochote, na mwaka 2018 kampuni hiyo ilieleza kwamba watu walioguswa huenda walifika milioni 87. Isitoshe, "mnyama wako wa kwanza" na "shule yako ya msingi" ni maswali yaleyale yanayotumika kurejesha nywila. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ila sheria haitakuzuia kuandika majibu hayo hadharani kwa hiari yako.

Mdau wa Kigamboni

Nakubaliana na fundi, na ndiyo sababu sisi tuliamua kujitungia maswali yetu, tukayajibu kwa mdomo tu barazani. Kilichotuchosha zaidi ni kuulizwa kama tunapenda theluji au majani ya kuchipua. Swali letu la kwanza likawa, "Kaskazi au kusi?" Vijana walichagua kaskazi kwa kupenda jua na ufukwe, wazee wote walichagua kusi, kwa kuwa usiku wa Julai mtu analala bila kupigana na joto.

Lililozua mjadala ni hili: "Pantoni au daraja?" Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, wakazi wa huku wana njia mbili za kwenda mjini, na kila mtu hujiona mwenye busara kwa aliyoichagua. Jirani yetu mwenye gari alisema anapenda pantoni kwa sababu ya upepo wa bahari na mazungumzo ya watu. Mkewe akamtazama, akasema, "Baba fulani, wewe unakwepa tozo ya daraja," na baraza zima likamwunga mkono. Yeye alishikilia upepo wake. Kwa maoni yangu wote wawili walisema kweli, maana mtu anaweza kuanza jambo kwa ajili ya pochi akaishia kulipenda, na sijaona kwizi ya intaneti yenye nafasi ya kuandika jibu la namna hiyo.

Mleta mada

Ndugu wa Kigamboni, naomba utuwekee maswali yenu yote hapa, tuyajaribu. Nami naongeza moja la wasafiri wa daladala: siti ya dirishani, siti ya mlangoni, au kusimama karibu na konda? Jibu langu ni dirishani upande usiopigwa na jua, na kwa hilo sijali nani anasoma.

Mama wa Tabata

Mlangoni. Mtaniona nina haraka ya maisha, lakini ukweli ni kwamba nina magoti mabovu.